Jani Lililojikunja na Jani Lililokunjwa: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Magonjwa ya Miti ya Matunda

Makala haya yanahusu istilahi moja ndogo ya kilimo, nayo ni 'kujikunja kwa majani'. Istilahi hii hutumiwa katika vipeperushi, vitini na mafunzo ya wakulima kana kwamba ni jina la ugonjwa mmoja. Hoja tunayokusudia kuitetea ni kwamba hilo ni jina la dalili. Kwamba dalili hiyo huletwa na mambo mengi yasiyo na udugu. Na kwamba mfasiri anayeliandika kama jina la ugonjwa humwachia mkulima hasara ambayo mfasiri mwenyewe hatailipa.

Tumechagua kuitazama istilahi hii kwa kusimama katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Sababu ni hali ya nchi yenyewe. Mtu akiondoka Same mjini, akaacha tambarare yenye joto na mvua haba, akapanda Milima ya Upare hadi vijiji vilivyo kandokando ya msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena kinachozidi meta 2,400, atakuwa amebadili tabia ya nchi kabla ya siku kwisha. Chini ataona jani lililokunjamana kwa jua, na juu ataona jani lililokunjamana katika baridi na umande. Akiwa na kipeperushi kimoja mkononi, kipeperushi hicho kitampa jina moja kwa yote mawili. Hapo ndipo udhaifu wa istilahi unapojionyesha waziwazi.

Kitenzi na jamaa zake

Tuanze na lugha yenyewe. Kitenzi 'kunja' kina jamaa kubwa, na kila mwana wa jamaa hiyo ana kazi yake. Tunasema mtu amekunja nguo, amekunja mkeka, amekunja uso. Nguo iliyokunjwa ina aliyeikunja, hata kama hatumtaji. Nguo iliyokunjamana imejaa makunyanzi, wala hatuulizi nani aliyeitia. Ama 'kujikunja' ni tendo la mwenye kujitenda: mgonjwa hujikunja kwa msokoto wa tumbo, nyoka hujikunja kichakani, mtoto hujikunja kitandani kwa baridi. Kwa hiyo anayesema 'majani yanajikunja' ametamka, atake asitake, kwamba jani ndilo mtenda.

Je, lipo jani linalojikunja kwa maana hiyo kamili? Lipo. Mwenye shamba la mahindi katika tambarare ya Same huyaona majani yakijiviringa mchana wa jua kali, na jioni yakikunjuka tena. Mchungwa uliokosa maji nao huinua kingo za majani yake hata yakawa mfano wa mitumbwi midogo. Kwa kufanya hivyo mmea hupunguza eneo linalopigwa na jua na upepo, na kwa njia hiyo huhifadhi maji. Hapa hapana mdudu wala kirusi. Jani limejikunja lenyewe, na istilahi yetu imepata mahali pake pa haki. Dawa yake ni maji, na matandazo ya majani makavu yanayoufunika udongo chini ya mti ili unyevu usipotee.

Wapare wa tambarare na miinuko ya chini walilijua tatizo hili la maji zamani, na ndiyo maana wakajenga ndiva, yaani malambo yanayojazwa maji ya mifereji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala imeandikwa sana na watafiti wa kilimo cha umwagiliaji. Wafasiri na watafiti walifanya vyema kulichukua neno 'ndiva' kama lilivyo, kwa kuwa 'bwawa' lisingebeba habari ya zamu wala ya kujazwa usiku. Tutakumbuka jambo hili tutakapofika kwenye mapendekezo.

Dalili moja, visababishi vingi

Sasa tupande mlimani, tuutazame mchungwa mchanga uliotoa chipukizi jipya. Mara nyingi majani yake ya juu huonekana yamepindwa kuelekea ndani. Ukilikunjua jani moja utawakuta vidukari, ambao baadhi ya wakulima huwaita wadudu mafuta, wamejipanga upande wa chini wakifyonza utomvu. Sisimizi watakuwa wakipanda na kushuka shinani, kwa sababu hula majimaji matamu yanayotolewa na vidukari, na kwa ajili ya chakula hicho huwalinda. Majimaji hayo yakidondokea majani ya chini huota uvundo mweusi kama masizi. Jani hili halikujikunja; limekunjwa. Lina mtenda, na mtenda yuko humohumo ndani ya mkunjo akijificha asifikiwe na mnyunyizo. Mkulima akijua hivyo atalikata chipukizi lililoharibika zaidi, atanyunyiza maji ya sabuni upande wa chini wa majani, atawazuia sisimizi kupanda, na hatazidisha mbolea ya chumvichumvi inayouchochea mti kutoa machipukizi laini wanayoyapenda vidukari.

Baadhi ya vidukari wa michungwa hubeba kirusi kiitwacho tristeza. Jina hilo lilitoka Amerika ya Kusini, ambako ugonjwa huo uliteketeza mamilioni ya michungwa katika karne ya 20, na maana yake kwa Kireno na Kihispania ni huzuni. Ni jina la kugusa moyo, lakini halimwambii mkulima atazame wapi.

Upo mchungwa wa tatu. Majani yake yamepinda pia, ila upande wa chini yana vishimo vidogo na upande wa juu yana vinundu vinavyolingana na vishimo hivyo. Ndani ya kila kishimo amekaa tunutu wa mdudu mdogo afyonzaye utomvu, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Trioza erytreae. Mdudu huyu hupenda baridi ya milimani. Ubaya wake mkubwa si vishimo, maana mti huvivumilia. Ubaya ni bakteria anaowahamisha kutoka mti mmoja hadi mwingine, ambao hukaa katika mishipa inayosafirisha chakula cha mti. Mti ulioambukizwa hupata manjano ya mabaka majanini, matunda yake huwa madogo, yamepinda na machungu, na hauponi. Kinachobaki ni kuung'oa, kumdhibiti mdudu, na kupanda miche iliyotoka katika kitalu safi.

Ugonjwa huu una historia ya jina inayowahusu wasomaji wa jarida kama hili. Wakulima wa kusini mwa China waliuita kwa jina lenye maana ya chipukizi la manjano, kwa sababu tawi moja hugeuka njano wakati matawi mengine yangali mabichi. Afrika Kusini ukaitwa kwa jina linalotokana na rangi ya kijani, kwa sababu tunda hubaki na kijani upande mmoja. Majina yote mawili ni ya dalili, lakini hayana thamani sawa. La kwanza humwonya mkulima mapema, akiwa bado anaweza kuiokoa miti ya jirani. La pili humpa habari wakati wa mavuno, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mwaka 1995 wataalamu wa virusi vya michungwa kutoka nchi mbalimbali walikutana Fuzhou, China, na wakaliafiki jina la Kichina, huanglongbing, liwe jina rasmi. Wataalamu hao walikubali kufundishwa na wakulima.

Jambo hili si la mbali nasi. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya kisayansi kwamba mdudu mwingine wa jamii hiyo, yule wa Asia anayestahimili joto la nchi za chini, ameonekana Tanzania. Kwa hiyo wakulima wa tambarare, na hata wa Muheza penye mashamba makubwa ya michungwa, hawawezi tena kudhani kwamba tatizo ni la watu wa milimani peke yao. Ikiwa kipeperushi kitamwambia mkulima wa namna hii kwamba mti wake una 'ugonjwa wa majani kujikunja', kitakuwa kimemwambia jambo aliloliona kwa macho yake, na kumficha lile asiloliona.

Pichi, na suala la tiba na kinga

Mfano wa nne unatoka kwa majirani zetu wa Milima ya Usambara, huko Lushoto, kunakolimwa matunda ya nchi za baridi kama vile plamu na pichi. Kamusi huliita tunda hili la mwisho fyulisi, na wachuuzi husema pichi. Sisi tutawafuata wachuuzi. Katika nchi nyingi za dunia mpichi hushikwa na kuvu aitwaye Taphrina deformans. Majani machanga huvimba, hunenepa, hugeuka mekundu au ya zambarau, kisha hukunjamana na kupukutika. Mti hutoa majani mengine, lakini kwa kutumia akiba yake, na matunda hupungua.

Kinachotuhusu zaidi ni wakati wa kuutibu ugonjwa huu, maana hapa lugha inaweza kudanganya vibaya. Mbegu za kuvu huyu hungoja juu ya gome na juu ya magamba ya macho ya matawi. Huingia katika jani macho yanapoanza kuvimba na kufunguka katika baridi na unyevu. Dawa za shaba hufaa zinaponyunyizwa mti ukiwa umepukutisha majani, kabla ya macho kuvimba. Mkunjo ukishaonekana, dawa hailinyooshi jani hata moja.

Tuchukue sasa, kwa mfano tu, agizo la namna hii: 'Majani ya mti yakianza kujikunja, tibu mapema kwa kunyunyiza dawa.' Kisarufi sentensi haina dosari. Kwa mpichi ni agizo la kutupa fedha, kwa kuwa 'mapema' ya sentensi hiyo imekwisha chelewa. Kwa mchungwa uliokosa maji ni agizo la kutupa fedha pia. Kwa mti wenye bakteria ni tumaini la uongo. Ni mti wenye vidukari pekee utakaonufaika, tena iwapo dawa yenyewe ni ya wadudu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Anayeufasiri ushauri wa kilimo angeliweka neno hilo mbele yake kila anapotaka kuandika 'tibu'.

Kasoro ya agizo hilo iko katika maneno mawili, 'tibu' na 'dawa'. 'Kutibu' kwetu ni kumrudishia mgonjwa afya, na jani lililokwisha kukunjamana halirudishiwi kitu. Linalowezekana ni kulikinga jani lijalo. Mahali pengi ambapo wafasiri wameandika 'kutibu', maana iliyokusudiwa ni kuzuia tatizo lisienee, nayo ina neno lake zuri, 'kudhibiti'. Tungependa 'kutibu' liachiwe hali ambazo mti wenyewe hupona.

Ama 'dawa', neno hili limepanuka mno. Mkulima husema dawa ya wadudu, dawa ya magugu, dawa ya ng'ombe na dawa ya homa, na muuzaji wa pembejeo humwelewa. Kwa mazungumzo ya dukani linatosha. Kwa maandishi ya kuelekeza halitoshi, kwa sababu kiuadudu hakiui kuvu, wala kiuakuvu hakiui kidukari, na hakuna kimojawapo kinachoua kirusi kilichokwisha kuingia katika mti. Neno la jumla 'viuatilifu' limekwisha kukubalika serikalini, hata likaingia katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kilichobaki ni kuyazoesha matawi yake, 'kiuadudu' na 'kiuakuvu', katika vipeperushi ambavyo bado vinaandika 'dawa' tu.

Hapa pia tuseme neno juu ya 'ukungu'. Wengi huandika 'dawa ya ukungu' wakimaanisha kiuakuvu. Kwa msomaji wa Upare, ambaye huuona ukungu ukishuka kutoka Shengena na kuifunika migomba na mikahawa yake, sentensi 'mti umeshikwa na ukungu' ina maana mbili, na ile ya hali ya hewa ndiyo inayomjia kwanza. Ni kweli kwamba unyevu wa ukungu huu huwasaidia kuvu kuota. Ndiyo sababu zaidi ya kuvitenga vitu hivi viwili kwa majina. 'Kuvu' ni neno la zamani, fupi, lisilo na utata. Vilevile tunalo neno 'mrututu', ile chumvi ya buluu ya shaba ambayo wazee waliitumia kwa vidonda. Mrututu uliochanganywa na chokaa ndio mchanganyiko ulioelezwa na Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet katika miaka ya 1880, ukachukua jina la mji wa Bordeaux. Mfasiri anayekwenda kukopa neno jingine kwa kitu hiki ameisahau ghala yake mwenyewe.

Majina waliyoyatoa wakulima

Wapo watakaotujibu kwamba wakulima hawangoji baraza lolote, hujitungia majina. Ni kweli, na baadhi ya majina hayo ni mazuri kuliko yetu. 'Chulebuni' ni mfano bora: chule ni ugonjwa, buni ni tunda la kahawa, na mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Upare akilisikia anajua atazame tunda wala asihangaike na jani. 'Kantangaze', jina la mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, limebeba kicheko na uchungu wa mtu aliyefilisika kwa msimu mmoja, na halijashindwa na jina lolote la kitabuni.

Jina 'rasta' ni suala jingine. Wakulima wengi wa nyanya Tanzania huuita hivyo ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe, ambao huyafanya majani ya juu yawe madogo, ya manjano na yenye kukunjamana. Anayezijua nywele za marasta akikitazama kilele cha mche uliougua atauona mfanano. Jina lina nguvu, halisahauliki, wala hatuna nia ya kulipiga marufuku. Tunachosema ni kwamba lina udhaifu uleule wa 'kujikunja kwa majani': linachora sura na kunyamaza juu ya chanzo. Ndiyo maana limehama kutoka nyanya hadi pilipili, na halina cha kulizuia lisipande juu ya mchungwa wenye vidukari. Siku litakapofika huko, mkulima atamng'oa mti ambao maji ya sabuni yangeuponya, kwa kuwa amesikia kwamba rasta haina dawa.

Mapendekezo

Kiswahili hakihitaji kubuniwa kanuni mpya kwa ajili hii, kwa sababu kanuni tayari imo mashambani. Tunasema 'mnyauko bakteria' na 'mnyauko fuzari'. Neno la kwanza hutaja dalili anayoiona mkulima. La pili hutaja kisababishi anachokijua mtaalamu. Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, 'mkunjo wa majani' liwe jina la dalili tu, na kila litakapotumiwa lifuatwe na swali la chanzo. Lisitanguliwe kamwe na maneno 'ugonjwa wa'.

Pili, visababishi vitajwe hivi: 'mkunjo ukame' kwa mti uliokosa maji, 'mkunjo vidukari' kwa jani lililokunjwa na vidukari, 'mkunjo virusi' kwa ugonjwa uitwao rasta, na 'mkunjo kuvu' kwa ugonjwa wa mpichi.

Tatu, ugonjwa wa bakteria wa michungwa usiingizwe kabisa katika ukoo wa mkunjo. Tunapendekeza 'chipukizi njano', kwa kufuata mfano wa wakulima wa China, ili jina limfikie mkulima kabla ya hasara. Mdudu Trioza naye atafutiwe jina katika vijiji vya milimani kabla ya kubuniwa mezani. Pengine Chasu tayari ina neno, kama ilivyokuwa nalo kwa ndiva.

Nne, kitenzi 'kujikunja' kitumiwe pale tu ambapo jani lenyewe ndilo mtenda, yaani katika ukame na joto. Penye mdudu tuandike 'kukunjwa'. Penye kuvu na virusi tuandike 'kukunjamana'.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Watasema mkulima haoni kuvu wala kirusi, hivyo jina linalotaja kisichoonekana halimsaidii. Tunajibu kwamba mkulima huyohuyo hasemi 'homa' tu anaporudi zahanati; husema malaria, au taifoidi, na hakuna hata kimoja alichokiona kwa macho. Amezitenga homa hizo kwa sababu alielezwa, na kwa sababu kila moja ilimpatia dawa tofauti. Tukimpa mkulima majina manne atauliza tofauti zake, na swali hilo ndilo mwanzo wa elimu ya ugani. Tukimpa jina moja hatauliza kitu, atakwenda dukani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba bwana shamba au bibi shamba, akiwa peke yake na vijiji vingi vya kuvizungukia kwa miguu mlimani, hana nafasi ya kupima kisababishi kabla ya kutaja jina. Kwa hali hiyo ni heri aseme 'mkunjo' na kukomea hapo, kisha alikunjue jani mbele ya mwenye mti wapate kulitazama wote wawili: kama kuna wadudu, kama kuna vishimo, kama jani limenenepa, kama jioni lilikunjuka. Jina lisilokamilika lililotamkwa kwa uaminifu lina faida kuliko jina kamili lililobahatishwa, na istilahi njema ni ile inayomruhusu mtaalamu kusema kiasi anachokijua bila kuzidisha.

Tunawaalika walimu wa vyuo vya kilimo, wafasiri wa wizara, na hasa maofisa ugani wa milimani na tambarare, wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na watuletee maneno wanayoyasikia kwa wakulima. Majina hayo yakifika yatachapishwa pamoja na mahali yaliposikika na mti uliokusudiwa, maana bila mambo hayo mawili tutarudi palepale tulipoanzia.